Mbwa ananusa lakini hasikii harufu: tatizo liko puani au ubongoni?

Mwenye mbwa akisema mbwa wake kapoteza pua, mara nyingi huwa ameshaamua na chanzo: aligongwa na bodaboda, ubongo umeguswa, basi. Inawezekana. Lakini ukiwapanga mbwa wote wanaoletwa na lalamiko hili, ubongo ni wa kushukiwa mwishoni. Mbwa mwenye kamasi nzito, mbwa anayehema kwa jua la mchana, mbwa aliyepewa dawa fulani wiki hii, wote hupita karibu na kipande cha nyama kilichofichwa kwenye nyasi wasigeuke. Ukiwatazama kwa mbali huwatofautishi na aliyeumia ubongo. Tofauti hujitokeza ukiifuata njia ya harufu kutoka mbele kwenda nyuma, na kukikagua kila kituo kivyake.

Njia yenyewe ni fupi. Juu kabisa nyuma ya tundu la pua kuna utando wenye seli za neva zinazonasa harufu. Mbwa ana aina takriban 800 za vipokezi vya harufu, mara mbili ya zetu. Nyuzi za seli hizo hupenya kwenye mfupa mwembamba uliojaa vitundu kama chujio la chai, unaotenganisha pua na fuvu, zikaingia kwenye bulbu za kunusia, sehemu mbili ndogo za ubongo zilizokaa hapo hapo nyuma ya mfupa. Kutoka kwenye bulbu, habari huenda kwenye gamba la pirifomu linalotambua harufu, kwenye amigdala inayohusika na hisia kama hofu, na kuelekea hipokampasi inayohusika na kumbukumbu. Macho na masikio hupeleka habari zao kwanza kwenye thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo. Pua haipiti huko. Jambo jingine la kushika, maana tutalirudia: harufu ya tundu la kulia hushughulikiwa zaidi na ubongo wa kulia, na ya kushoto vivyo hivyo. Haivuki upande kama kuona kunavyovuka.

Kwanza kabisa: huyu si mbwa mwenye kichaa?

Mbwa aliyebadilika tabia ndani ya siku chache, anayeng'ata vitu ovyo, aliyebadilika sauti ya kubweka, anayedondosha mate au kushindwa kumeza, usimfanyie jaribio lolote kati ya haya. Virusi vya kichaa cha mbwa hushambulia ubongo na hutoka kwa mate. Mfungie mahali bila kumshika, kisha umpigie ofisa mifugo wa eneo lako. Aliyeng'atwa, au kulambwa kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo. Habari ya pua itasubiri.

Hakikisha kwamba kweli hasikii

Fanya hivi asubuhi, mbwa akiwa na njaa kidogo na hajakimbia. Chukua vikopo vitatu vya plastiki vinavyofanana, toboa mifuniko. Kimoja tia dagaa wakavu wachache au kipande cha ini lililochemshwa, viwili viache vitupu. Vishike vyote vitatu kwa mkono ule ule, la sivyo mbwa mjanja atafuata harufu ya vidole vyako badala ya dagaa. Mtu mmoja avipange mbwa akiwa nyuma ya mlango, na mwingine asiyejua dagaa wako wapi ndiye amlete. Hili la watu wawili watu hulidharau, na ndilo linaloharibu majaribio mengi, kwa sababu mbwa humsoma bwana wake mabega na macho kabla hajakisogelea kikopo. Rudia mara 10, ukibadilisha mahali bila mpangilio.

Kwa kubahatisha tu atapatia mara 3 au 4. Akipatia 7 na kuendelea, anasikia harufu, hata kama kazini anakosea. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kazi kumshinda. Akibaki kwenye 3 au 4, endelea kusoma kwa mpangilio.

Usitumie siki, spiriti wala amonia kumpima. Naona watu wanamsogezea mbwa pamba yenye spiriti, mbwa anageuza kichwa na kupiga chafya, nao wanaridhika kwamba pua ni nzima. Mvuke huo huwasha, na mwasho wa puani hubebwa na neva ya tano ya kichwa, ile ile inayosikia maumivu ya uso na meno. Mbwa ambaye neva yake ya kunusa imekatika kabisa bado ataikimbia spiriti. Ila jaribio hilo linafaa kwa kazi nyingine: aliyeshindwa dagaa lakini akaruka kwa spiriti ana neva ya tano nzima, na hewa inafika ndani ya pua. Aliyeshindwa vyote viwili, kagua upya kama hewa inaingia.

Kamasi, damu, au tundu moja halivuti hewa

Shika kioo kidogo kilichopoa mbele ya pua. Mbwa mwenye njia wazi ataacha mabaka mawili ya ukungu yanayolingana. Baka moja likiwa dogo au halipo, upande huo umeziba. Pande zote mbili zikiziba, kuziba kunatosha kueleza tatizo lote bila kuutaja ubongo.

Kilichoziba ndicho swali. Chafya za ghafla baada ya kuzurura kwenye nyasi ndefu, na usaha upande mmoja: huenda ni mbegu au kipande cha jani. Usaha wa upande mmoja kwa mbwa mzee mwenye meno mabovu: mzizi wa jino la juu hutunga usaha na kutoboa hadi puani, kwa hiyo fungua mdomo uangalie. Damu puani bila kuumia, pamoja na homa, fizi nyeupe na historia ya kupe, hapo wazo la kwanza ni erlikia, ugonjwa unaoenezwa na kupe, nao ni wa kipimo cha damu, haraka. Damu inayorudi rudi upande mmoja, na mfupa wa pua unaoanza kuinuka chini ya ngozi, ni dalili za uvimbe wa saratani. Huu wa mwisho unaweza kuula ule mfupa wa vitundu na kuingia kwenye ubongo. Mbwa akianza na damu ya pua, kisha miezi baadaye akapata kifafa, usiyaone kuwa magonjwa mawili.

Pua ni safi, hewa inapita, lakini kuna dawa

Hapa ndipo muda mwingi ungeokolewa kama mtu angeuliza swali moja: amepewa nini wiki mbili zilizopita? Metronidazoli, ile ambayo wengi wanaiita Flagyl na kumpa mbwa kila anapoharisha, imeonekana kupunguza uwezo wa kunusa kwa baadhi ya mbwa wa kutafuta milipuko waliojaribiwa nayo, katika utafiti uliochapishwa 2016. Doksisaiklini, antibiotiki nyingine iliyojaribiwa sambamba, haikuleta tatizo hilo. Dozi kubwa au ya muda mrefu ya metronidazoli huugusa ubongo wenyewe pia: mbwa huyumba, macho yakachezacheza upande kwa upande, kichwa kikapinda. Dawa ikisimamishwa na daktari, wengi hurudi sawa.

Deksamethasoni na ndugu zake wa steroidi nao hupunguza makali ya pua. Ni dawa inayodungwa kiholela mno kwetu, kwa kila mbwa aliyelala chini.

Kuhema kwa joto usikupuuze. Mbwa hawezi kuhema kwa mdomo na kunusa kwa makini kwa wakati mmoja. Mpumzishe kivulini, mpe maji, mpime tena jioni.

Alikuwa na mafua na tongo, sasa misuli inarukaruka

Hii ni distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, hadi ithibitike vinginevyo, hasa kwa mbwa mdogo asiyechanjwa. Huanza na homa, tongo, kamasi na kuhara. Wengine hupata nafuu, mwenye mbwa akashukuru, kisha wiki chache baadaye kikaja cha ubongoni: misuli ya shavu au ya mguu mmoja inayoruka kwa mdundo hata mbwa akiwa amelala, kutafuna tafuna hewa, kifafa. Pitisha kidole kwenye ncha ya pua na kwenye nyayo. Ngozi iliyokakamaa na kuwa ngumu ni dalili nyingine ya ugonjwa huo huo.

Kupoteza harufu kwa mbwa wenye distempa kulielezwa na watafiti wa Marekani mwaka 1988. Virusi vyake vinashambulia pande zote mbili za njia, utando wa puani na ubongo, kwa hiyo hata mbwa akipona mafua hakuna ahadi kwamba pua itarudi. Dawa ya kuua virusi hivi hakuna, kuna chanjo. Na chanjo hiyo inawahusu na wanyama wa porini: mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa kuipeleka.

Aligongwa kichwa

Sasa tumefika ubongoni, na hata hapa kinachoumia mara nyingi ni waya kabla ya mtambo. Kichwa kikipigwa kwa nguvu, ubongo huteleza kidogo ndani ya fuvu. Fuvu halitelezi nao. Nyuzi nyembamba zinazopenya kwenye mfupa wa vitundu hukatika pale pale, kama si zote basi nyingi, na hilo linaweza kutokea bila mfupa kuvunjika na bila jeraha la nje. Bulbu zenyewe, kwa kuwa zimekaa mbele kabisa, huchubuka na kuvia damu.

Siku ya ajali, pua si kipaumbele. Mlaze mbwa juu ya ubao, mwinue upande wa mbele ubao ukiwa na mwinamo wa takriban nyuzi 30, na umvue ukanda wa shingo: kitu chochote kinachobana mishipa ya shingo hupandisha shinikizo ndani ya fuvu. Mboni za macho zisipolingana ukubwa, au fahamu ikizidi kupungua, ni dharura ya saa hiyo. Steroidi hazisaidii jeraha la kichwa. Kwa binadamu jaribio kubwa lililochapishwa 2004 na 2005 lilionyesha zinaongeza vifo, na madaktari wa wanyama wengi wameziacha.

Baada ya wiki mbili au tatu, mbwa akiwa anatembea na kula, ndipo lalamiko la pua huja. Anakula akioneshwa chakula, lakini ukikisogeza hatua mbili gizani anakitafuta kwa kugusa. Anapita kwenye mti aliokuwa akiukojolea kila siku bila kusimama. Pua inachezesha hewa kama kawaida, kwa sababu kitendo cha kunusa kinaendeshwa na sehemu nyingine ambayo haikuumia.

Seli za kunusa puani ni kati ya seli chache za neva zinazozaliwa upya maisha yote ya mnyama. Panya waliokatwa neva hii maabara huanza kuota nyuzi mpya ndani ya wiki kadhaa, na mbwa wana utaratibu huo huo. Kikwazo ni kovu: likiziba vitundu vya mfupa, nyuzi mpya hukosa pa kupita. Kwa hiyo pima kwa vikopo mara moja kwa wiki, andika matokeo, na uvumilie miezi kadhaa. Hakuna kidonge cha kuharakisha.

Kuna jambo ambalo wakufunzi hulikosa hapa. Katika mnyama mzima, seli zenye kipokezi cha aina moja hupeleka nyuzi zao kwenye vituo vyake maalumu ndani ya bulbu. Linda Buck na Richard Axel, waliogundua familia hiyo ya vipokezi 1991, walipata Nobeli 2004. Neva ikikatika na kuota tena, nyuzi nyingi hutua vituo visivyo vyake. Mbwa anaweza kuanza kusikia harufu tena, na harufu ile ile ya bangi au pembe ya ndovu ikawa haifanani na aliyofundishwa. Ukimrudisha kazini kwa kudhani anakumbuka, atakosea, na utasema pua haijapona. Mfundishe upya tangu mwanzo, harufu moja moja, kama mbwa mgeni.

Anapatia vikopo, lakini kazi imemshinda

Hili linahusu mbwa wa doria, wa kutafuta majangili na wa bandarini, na ndilo gumu kuliko yote kwa sababu pua ni nzima. Anasikia harufu. Ama hatofautishi mbili zinazokaribiana, ama hakumbuki ile aliyofundishwa inamaanisha nini.

Kwanza, ubongo wa kunusa ni mgumu kuharibika kuliko watu wanavyofikiri. Mtafiti Burton Slotnick na wenzake waliwaondolea panya sehemu kubwa ya bulbu, wakakuta bado wanatambua na kutofautisha harufu vizuri. Ikibaki sehemu ndogo tu inayofanya kazi, mambo ya kawaida yanaendelea. Kwa hiyo mbwa aliyeumia bulbu kiasi hupita jaribio la dagaa bila shida, akaanguka kwenye mchanganyiko: kahawa juu ya dawa za kulevya, dizeli juu ya pembe. Mpime kwa ngazi. Harufu tupu, kisha harufu hiyo kwa kiasi kidogo, kisha ikiwa imechanganywa na nyingine. Anapoanguka kwenye ngazi ya tatu pekee, shaka huelekea gamba la pirifomu au bulbu iliyopungua, si pua.

Akipita ngazi zote kwenye vikopo lakini anashindwa kuitumia harufu aliyojifunza mambo yakibadilika kidogo kazini, shaka huenda nyuma zaidi, kwenye hipokampasi. Panya wa mtafiti Howard Eichenbaum waliofanyiwa jeraha la hipokampasi waliweza kujifunza kwamba harufu hii ina zawadi na ile haina; walichoshindwa ni kuunganisha walichojifunza ili kujibu swali jipya. Mbwa wa namna hii hutembea na harufu mbele yake bila kuitumia. Mara nyingi amepotea pia kwa mambo mengine: hakumbuki mlango wa banda, anasimama kwenye kona asijue pa kutokea. Kama hayo hayapo, kabla ya kulaumu hipokampasi mlaumu mwongozaji wake, au ratiba yake.

Wakufunzi wa panya buku pale Morogoro, wanaonusa sampuli za makohozi ya kifua kikuu, wana kinga nzuri: kati ya sampuli huwekwa ambazo jibu lake tayari linajulikana. Panya akianza kuzikosa hizo, wanajua mapema. Kikosi cha mbwa kisicho na utaratibu kama huo hugundua tatizo siku mzigo ulipopita.

Umri umeenda, na kifafa kimeanza sasa

Kifafa kinachoanza mbwa akiwa amevuka miaka 6 au 7 ni cha kutafutiwa chanzo kwa picha. Bulbu za kunusia na sehemu ya mbele ya ubongo ni mahali ambapo uvimbe hupenda kuota kwa mbwa wazee, na eneo hilo halisemi mapema: mbwa anatembea sawa, anaona sawa, na kifafa ndicho kinachotangulia dalili nyingine zote.

Tafuta upande. Mwekee chakula kwenye sahani pana. Mbwa mwenye jeraha la upande mmoja wa ubongo wa mbele anaweza kula nusu ya sahani na kuondoka akiwa na njaa. Zungusha sahani, anaendelea. Atapenda kuzunguka kuelekea upande wenye jeraha. Mkunje kiganja cha mguu ili mgongo wake uguse sakafu: mguu wa upande ule mwingine utachelewa kujirudisha.

Sasa lile la pande mbili. Uvimbe wa upande mmoja ndani ya ubongo haumnyimi mbwa harufu yote, kwa sababu upande wa pili unafanya kazi na nyumbani hutaona tofauti. Mbwa aliyepoteza harufu kabisa ameguswa pande zote mbili. Ama ni utando wa puani wote, ama ni pale mbele ambapo bulbu mbili zimekaa bega kwa bega na kitu kimoja kinaweza kuzikandamiza zote. Kwa hiyo mpigapicha wa CT au MRI aambiwe aanzie ncha ya pua, asianzie kwenye fuvu. Eksirei ya kawaida haioneshi ubongo, msiilipie kwa ajili hiyo.

Uzee mtupu nao upo, pua hupungua makali taratibu na mbwa akachanganya usiku na mchana. Chakula chenye uvuguvugu kinamsaidia.

Mnyama si mbwa

Kondoo jike hujifunza harufu ya mwanawe ndani ya saa chache baada ya kuzaa, kisha humpiga kichwa mwana wa mwingine. Jike anayemnyonyesha kila anayekuja huenda hasikii harufu. Maabara imekwenda mbali zaidi: panya wadogo wa kike walioondolewa bulbu waliacha kuwatunza watoto, wengine wakawala, na hamsta dume wa dhahabu, wanyama wadogo jamii ya panya, waliofanyiwa hivyo, katika utafiti wa 1970, waliacha kabisa kupanda majike.

Beberu anayeendelea kukunja mdomo wa juu baada ya kunusa mkojo wa jike hajathibitisha kuwa pua ni nzima. Kiungo anachokitumia kiko kwenye sakafu ya pua, kina neva yake na bulbu yake ndogo pembeni.

Paka ndiye wa kuharakishia. Asiposikia harufu hali, awe na sababu ya mafua au ya kichwa, na paka mnene aliyekaa siku 2 au 3 bila kula huanza kujaza mafuta kwenye ini, jambo linaloweza kumuua kabla hujajua pua ilikuwa na nini. Pasha samaki kidogo, mpake mdomoni, na ikifika siku ya pili hajala mpeleke kwa daktari.